Joto, kazi na mpaka: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu themodinamiki ya uhandisi

Jioni nafundisha tuisheni hapa Arusha. Wengi wanaokuja ni vijana wa stashahada ya ufundi mitambo. Wachache ni mafundi wa gereji za Unga Limited waliochoka kubadilisha gasketi ya kichwa cha injini bila kujua kilichoiunguza. Kabla ya chaki nilikuwa mtu wa boila. Maswali ninayopata hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, hivyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Hayafuati silabasi. Yanafuata mahali watu wanapokwama.

Themodinamiki ni somo la nini hasa?

Ni uhasibu wa nishati. Iliyoingia ni kiasi gani, iliyotoka ni kiasi gani, na hii iliyobaki inafaa kwa kazi gani.

Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la joto na jingine la nguvu, ila somo lenyewe lilizaliwa karakana. James Watt alipata hataza ya kondensa yake (chombo cha kupozea mvuke ugeuke maji) mwaka 1769, mashine za mvuke zikasambaa migodini na viwandani Uingereza, na ilipofika 1824 ndipo Mfaransa Sadi Carnot, ambaye hata miaka thelathini hakuwa ametimiza, akaandika kitabu akiuliza mashine hizo zinaweza kufika wapi. Zaidi ya nusu karne mitambo ilipiga kazi bila nadharia. Kwa hiyo fundi anayeingia darasani kwangu akiomba radhi kwamba hakusoma sana, namwambia akae mbele.

Mwalimu, nikipewa swali naanzia wapi?

Chora mpaka. Kabla ya fomula, kabla ya kalkuleta, chukua penseli uzungushe mstari wa nukta kwenye kile unachokihesabu. Kilicho ndani ndio mfumo, kilicho nje ni mazingira, mstari wenyewe ni mpaka. Si lazima mpaka uwe ukuta wa chuma. Unaweza kuuchora hewani, ukaukata katikati ya bomba, au ukatembea nao pamoja na pistoni.

Halafu jiulize nini kinavuka. Kama nishati inavuka lakini maada haivuki, mfumo umefungwa: gesi iliyomo kwenye silinda wakati vali zote zimefunga. Kama maada nayo inapita, mfumo ni wazi: rejeta, turbini, kompresa, hata wewe unayevuta pumzi sasa hivi. Kama hakuna kinachovuka, mfumo umetengwa. Huo wa mwisho ni wa vitabuni. Chupa nzuri ya chai inaukaribia kwa saa chache, kisha asubuhi unamimina na kukuta umedanganywa.

Majibu mengi mabovu ninayosahihisha hayatokani na hesabu mbovu. Yanatokana na mwanafunzi aliyeanza akihesabu sufuria, katikati akahamia sufuria na jiko, akamalizia na chumba kizima. Swali linalofuata ndilo ninalolitumia kumnasa mtu wa namna hiyo.

Nikiacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa?

Hapana. Kitapata joto zaidi.

Weka mpaka kwenye kuta za chumba. Friji lote limo ndani, na kinachovuka ni umeme peke yake, tena unaingia. Tuseme friji linatumia jouli 100 za umeme ili kuhamisha jouli 300 kutoka kwenye kabati lake. Nyuma kule, kwenye yale mabomba yenye joto, zinatoka 400. Mlango ukiwa wazi, 300 zinachotwa chumbani na 400 zinarudishwa chumbani humohumo. Chumba kimeongezewa 100, na LUKU ni yako. Aliyejibu "kitapoa" alichora mpaka kuzunguka kabati la friji bila kujijua.

Kiyoyozi ni mashine ileile. Tofauti ni kwamba kipande chake cha moto kimetundikwa nje ya ukuta, ng'ambo ya mpaka.

Joto na halijoto si kitu kimoja?

Mtaani ni kimoja, na sina ugomvi na mtu anayesema "leo Moshi kuna joto". Kwenye hesabu ni viwili. Halijoto ni sifa ya kitu; kipimajoto huisoma. Vitabu vingine huiita jotoridi. Joto ni nishati iliyo safarini, ikitoka penye halijoto kubwa kwenda penye ndogo kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Likishafika, haliitwi joto tena. Limekuwa nishati ya ndani ya kile kilicholipokea.

Mfano unaoeleweka haraka ni wa pesa za simu. Ukitumiwa elfu hamsini, kile kilichopita ni muamala, na kilichokaa kwenye simu ni salio. Hakuna anayesema "nina muamala wa elfu hamsini kwenye simu". Joto ni muamala. Kazi nayo ni muamala, wa aina nyingine. Nishati ya ndani ni salio. Kwa hiyo ukiniandikia "joto lililomo ndani ya maji", nakata alama, na huwa sisikilizi rufaa.

Kingine: halijoto kubwa si lazima iwe nishati nyingi. Cheche za grenda zinazidi nyuzijoto 1,000, zikiruka mkononi unazipangusa na kuendelea na kazi, kwa kuwa kila cheche ina tungamo dogo mno. Ndoo ya maji ya nyuzi 70 iko chini sana ya halijoto hiyo, lakini ikikumwagikia unalazwa. (Na chemchemi ya Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, haichemki pamoja na jina lake. Ni maji ya uvuguvugu, nendeni mkaogelee.)

Kwa nini kila kitu kigeuzwe kuwa kelvini?

Kwa sababu sifuri ya Selsiasi ni sifuri ya barafu, si mwisho wa halijoto. Nyuzi 40 si mara mbili ya nyuzi 20. Zigeuze: kelvini 313 na 293, tofauti haifiki hata asilimia 7. Popote unapozidisha au kugawanya kwa halijoto, ongeza 273.15 kwanza. Ukitafuta tofauti tu, acha ilivyo. Nyuzi 10 za tofauti ni kelvini 10. William Thomson alipendekeza kipimo kinachoanzia sifuri kamili mwaka 1848. Cheo cha Lord Kelvin alikipata baadaye.

Sheria ya sifuri ni ipi?

Vitu viwili vikiwa katika msawazo wa joto na kitu cha tatu, basi hata vyenyewe viko katika msawazo. Ndiyo ruhusa ya kutumia kipimajoto. Ilipewa namba sifuri kwa kuwa umuhimu wake ulionekana wakati sheria ya kwanza na ya pili, tutakazozifikia mbele, zimeshazoeleka, na mahali pake ni mbele yao. Basi.

Geji inasoma sifuri. Ina maana hakuna kanieneo?

Ipo, tena kubwa. Kanieneo, au presha kama tunavyosema gereji, ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Geji nyingi hupima ile ziada tu iliyozidi hewa inayotuzunguka. Kanieneo kamili ni usomaji wa geji ukijumlisha kanieneo ya hewa ya mahali ulipo, na majedwali ya mvuke (yale yanayoonyesha maji huchemka kwa nyuzi ngapi kwenye kila kanieneo) pamoja na fomula za gesi yanataka hiyo kamili.

Mahali ulipo, hapo ndipo vitabu vinatuponza sisi wa milimani. Vinasema hewa ni kilopaskali 101.3. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni kama kilopaskali 86. Moshi iko chini kidogo, kama 91. Nikiwa kijana, kwenye boila la mahali nisipopataja, niliingia kwenye jedwali na namba ya geji kama ilivyo. Geji ilisema kilopaskali 100, jedwali likanipa nyuzi 99.6, kipimajoto kikasoma 118. Nikaandika ripoti kwamba kipimajoto kibovu kibadilishwe. Kipimajoto kilikuwa kizima. Nilisahau kujumlisha 86.

Jaribuni hili la tairi. Umejaza upepo hapa Arusha asubuhi, nyuzi 20, geji inasoma pauni 30 kwa inchi ya mraba, yaani kilopaskali 207. Kamili ni 207 na 86, jumla 293. Umeteremka mpaka Dar, umelaza gari, mchana hewa ni nyuzi 32. Tuchukulie ujazo wa tairi haukubadilika. Kanieneo kamili imepanda kwa uwiano wa kelvini: 293 mara 305 gawa kwa 293, inakuwa 305. Lakini hewa ya nje nayo sasa ni 101. Geji itasoma 204 hivi, karibu palepale. Dereva anasema upepo haukubadilika. Umebadilika, ila mabadiliko mawili yamefutana, na geji haina mdomo wa kukueleza.

Kwa nini maharage ya Arusha yanakula mkaa kuliko ya Tanga?

Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ya hewa iliyoyakalia. Hewa ikiwa nyepesi, maji yanawahi. Tanga yanachemka kwenye nyuzi 100, Moshi kama 97, Arusha kama 95. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani, ni kama nyuzi 81. Na yakishaanza kuchemka, halijoto inasimama. Ongeza mkaa, puliza, fanya utakavyo: utapata mvuke mwingi zaidi na maji ya nyuzi zilezile 95. Maharage yanapikwa na halijoto, hayajali mapovu ni mangapi. Kwa hiyo yanachelewa.

Dawa ni kuongeza kanieneo. Presha kuka inayoshikilia kilopaskali 100 juu ya hewa ya Arusha ina jumla ya 186 ndani, na maji humo yanafika nyuzi 118. Ile ripoti yangu mbovu, kumbe ilikuwa na matumizi jikoni.

Mnauliza pia mkaa unaoongezwa unakwenda wapi kama halijoto haipandi. Unakwenda kwenye joto fiche, lile linalobadilisha maji kuwa mvuke bila kusogeza kipimajoto. Ukubwa wake watu hawaukadirii vizuri. Chukua jagi la umeme la kilowati 2 lenye maji lita 1.7 ya nyuzi 20. Kila kilo ya maji inataka kilojouli 4.18 kupanda nyuzi moja, hivyo kufika 95 unahitaji kilojouli 533, dakika nne na nusu. Sasa tuseme swichi imeharibika, haijizimi. Kukausha maji yote hayo kunataka kama kilojouli 2,270 kwa kila kilo, jumla zaidi ya 3,800. Zaidi ya nusu saa. Ndiyo sababu mvuke unaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka: ukigusa ngozi unageuka maji na kukurudishia mzigo wote huo hapohapo.

"Hali" ya mfumo inahitaji sifa ngapi ili ijulikane?

Kwa kitu safi kilichotulia, kama maji au hewa ndani ya silinda, mbili zinatosha, mradi zisitegemeane na zisiwe zile zinazofuata ukubwa wa kitu. Kuzitambua za pili ni rahisi. Kata ugali vipande viwili. Halijoto ya kila kipande ni ileile. Tungamo na ujazo vimegawanyika. Zile zisizogawanyika ndizo tunazozitaka, au zile zilizogawanywa tayari kwa kila kilo.

"Zisitegemeane" ndiyo mtego. Maji yanayochemka yakichanganyika na mvuke wake, ukijua kanieneo umeshaijua halijoto. Umeleta sifa mbili lakini umeleta moja. Hapo taja ukavu wa mvuke: sehemu ya tungamo lote iliyokwisha kuwa mvuke. Sifuri ni maji matupu, moja ni mvuke mkavu. Mvuke wa 0.9 una kilo moja ya matone katika kila kilo kumi, na matone hayo hutafuna mapanga ya turbini.

Neno "kilichotulia" nalo tusilipite haraka, kwa sababu kuna kisa chetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akayaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza darasani alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye alikwenda kujaribu badala ya kucheka. Makala yao ilitoka 1969, wakati Mpemba yuko kwenye chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu ya Moshi.

Wanasayansi bado wanabishana. Wapo waliorudia jaribio na wasilione. Mimi huutumia ubishi huo kufundishia jambo dogo. Anayesema haiwezekani huhoji hivi: maji ya moto lazima yapitie halijoto ya yale ya baridi, kwa hiyo lazima yachelewe. Amechukulia kwamba halijoto moja inaeleza kila kitu. Chombo cha moto kisichofunikwa ni mfumo wazi. Kinapoteza mvuke, tungamo linapungua, gesi zilizoyeyuka zinatoka, na ndani kuna mikondo, juu halijoto nyingine, chini nyingine. Mfumo usiotulia hauna halijoto moja ya kuandika kwenye daftari.

Nishati, nguvu, kani na kazi: vinatofautianaje?

Kiswahili cha kila siku kimevirundika vyote kwenye "nguvu", na hapo ndipo tabu inapoanzia. Kani ni msukumo au mvuto. Kani ikisogeza kitu, imefanya kazi. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi hiyo, na hupimwa kwa jouli sawa na kazi. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni mwendokasi wa kuitumia: jouli kwa sekunde. Ukinunua umeme, hununui kilowati. Unanunua kilowati-saa, uniti moja ya LUKU, ambayo ni kilojouli 3,600. Kama ingegeuka yote kuwa kunyanyua, uniti moja ingepandisha gari la tani moja mita 367 juu. Kumbuka hilo siku utakapolalamika bei.

Mbona mwalimu wa kemia anaandika alama tofauti kwenye sheria ya kwanza?

Sheria ni moja: mabadiliko ya salio ni sawa na miamala iliyopita. Nishati haiumbwi wala haipotei. Sisi wa mitambo tunanunua joto na kuuza kazi, kwa hiyo tunahesabu joto linaloingia kuwa chanya na kazi inayotoka kuwa chanya. Ongezeko la salio ni joto lililoingia, ukiondoa kazi iliyotoka. Wanakemia wanahesabu chochote kinachoingia kuwa chanya, kazi pia, hivyo wanajumlisha. Jibu la mwisho ni lilelile. Andika kwenye mstari wa kwanza umechagua utaratibu gani, kisha usibadilishe njiani. Wanaobadilisha njiani ni wengi.

Usawa huu wa joto na kazi haukukubaliwa kirahisi. James Joule, mwana wa mtengeneza bia wa Manchester, miaka ya 1840 alikuwa akiteremsha vitu vizito ili vizungushe makasia ndani ya maji, kisha anapima halijoto ilivyopanda kidogo. Kazi iliingia, hakuna moto uliowashwa, maji yakapata joto.

Pampu ya baiskeli inapata moto. Moto umetoka wapi?

Kwenye mkono wako. Unapogandamiza hewa haraka, joto halipati muda wa kutoka, na kazi yote inabaki ndani kama nishati ya ndani, halijoto inapanda. Mchakato usiopitisha joto mpakani unaitwa wa adiabati. Ukigandamiza polepole mno, joto lina muda wa kuvuja na halijoto inaweza kubaki ileile. Gesi ileile, ujazo uleule wa mwisho, lakini hali mbili tofauti, kwa kuwa miamala haikulingana. (Msuguano wa wosha nao unachangia, lakini kidogo.)

Injini ya dizeli inaishi kwa hili. Haina plagi ya kuwashia; hewa inabanwa mpaka iwe moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Uwiano wa mgandamizo ukiwa 18 kwa 1 na hewa ya asubuhi ya Arusha ikiwa nyuzi 18, hesabu safi ya adiabati inatoa karibu nyuzi 650. Injini halisi haifiki huko, kwa sababu kuta baridi zinaiba joto na ringi zilizochoka zinavujisha hewa. Ndiyo maana gari lenye ringi mbovu linasumbua kuwaka Julai na kuwa mtoto mwema Januari.

Entalpia ni nini? Nimesoma mara tano sijaelewa.

Panda hiace ya saa kumi na mbili asubuhi, zile ambazo wazee wa Arusha bado wanaziita vifodi. Unaingia na mwili wako na mkoba wako. Hiyo ni nishati yako ya ndani. Lakini hungeingia kabisa kama konda asingekusukuma ili uliokutana nao wabanane. Ule msukumo ni kazi, na umefanywa kwa sababu tu unavuka mlango. Kila kilo ya mvuke inayoingia kwenye turbini inasukumwa na iliyo nyuma yake namna hiyohiyo, na kazi ya msukumo ni kanieneo mara ujazo. Kwa kuwa kwenye mfumo wazi viwili hivyo vinaingia pamoja kila mara, wahandisi wamevijumlisha na kuvipa jina moja. Nishati ya ndani, jumlisha kanieneo mara ujazo: entalpia. Mfumo ukiwa umefungwa na ujazo haubadiliki, hakuna mlango wala konda. Rudi kwenye nishati ya ndani.

Nimetumiwa video ya jenereta isiyotumia mafuta. Inawezekana?

Hapana. Usichangie.

Kama nishati haipotei, kwa nini injini inatupa nyingi hivyo?

Hapa inaingia sheria ya pili. Kazi unaweza kuigeuza yote kuwa joto. Shika breki ukishuka mlima utaona. Joto huwezi kuligeuza lote kuwa kazi kwa mashine inayozunguka na kurudi ilipoanza. Lazima sehemu itupwe mahali penye halijoto ndogo zaidi. Carnot ndiye aliyeona kwamba kikomo hakitegemei ubora wa fundi wala aina ya gesi. Kinategemea halijoto mbili tu, ya chanzo na ya dampo: moja, toa uwiano wa ya baridi kwa ya moto, zote kwa kelvini.

Mvuke wa nyuzi 400 na kondensa ya nyuzi 40: moja toa 313 gawa kwa 673, inakuwa asilimia 53. Hicho ni kikomo cha mashine isiyo na msuguano, isiyovuja, inayokwenda polepole kupita kiasi. Mashine halisi iko chini yake sana. Injini ya Rudolf Diesel ilipopimwa mwaka 1897 ilipata kama asilimia 26, na ilikuwa ajabu ya wakati wake.

Viwanda vya sukari vina njia nzuri ya kuishi na hasara hii. TPC, kusini mwa Moshi, huchoma makapi ya miwa iliyokamuliwa ili kupata mvuke na umeme. Kwa desturi ya viwanda vya aina hiyo, mvuke uliokwisha kuzungusha turbini hautupwi. Unapelekwa kuchemshia juisi ya miwa. Dampo la turbini ndilo jiko la sukari. Ukipanua mpaka ukameza kiwanda kizima, hesabu inapendeza zaidi kuliko ya turbini peke yake.

Entropia ni vurugu?

Neno hilo silipendi. Wanafunzi wanaanza kunisimulia vyumba vyao visivyofagiliwa.

Rudolf Clausius ndiye aliyeipa entropia jina hilo mwaka 1865, na aliihesabu hivi: joto linalopita bila hasara yoyote, ligawanye kwa halijoto ya kelvini ya pale linapopitia. Chukua kilo moja ya maji ya nyuzi 80 na kilo moja ya nyuzi 20, uchanganye. Unapata kilo mbili za nyuzi 50. Nishati ni ileile, hakuna jouli iliyopotea. Lakini entropia imeongezeka kwa jouli 36 hivi kwa kelvini. Maana yake? Kabla ya kuchanganya, kama mazingira yako ni nyuzi 20, mashine kamilifu ingeweza kukamua kilojouli 22.6 za kazi kutoka kwenye yale maji ya moto. Baada ya kuchanganya imebaki 12 tu. Zile 10.6 hazitarudi. Sheria ya kwanza inasema salio ni lilelile; ya pili inasema sehemu ya salio limefungiwa.

Mtihani ni wa Kiingereza. Kwa nini nijisumbue na istilahi za Kiswahili?

Huhitaji kuziandika kwenye mtihani. Unazihitaji kujua kama umeelewa. Mwanafunzi anaweza kukariri fasili kwa Kiingereza, akapata alama zake, kisha akashindwa kumweleza mama yake kwa nini sufuria imefunikwa. Nami sishikilii neno moja. Sema halijoto au jotoridi, kanieneo au presha, mradi ubaki nalo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Barafu ya Kibo inayeyuka au inafanya nini?

Nyingi inaondoka bila kuwa maji kwanza. Huko juu hewa ni baridi na kavu, hivyo barafu inageuka mvuke moja kwa moja. Kuyeyusha kilo moja ya barafu ni kilojouli 334. Kuigeuza mvuke moja kwa moja ni zaidi ya 2,800. Kwa hiyo jua lilelile likifanya kazi ya pili linaondoa barafu kidogo zaidi kuliko likifanya ya kwanza, karibu mara nane pungufu. Wanafunzi wa Moshi huniuliza kama maana yake ni habari njema. Nawaambia wachore mpaka kuzunguka barafu, waandike kinachoingia: mionzi ya jua, joto la hewa, theluji mpya. Kisha kinachotoka. Theluji mpya ikiwa pungufu kuliko mvuke unaoondoka, kilo zinapungua, hata kama hakuna tone la maji lililoonekana likitiririka.